Binti yetu kapungukiwa kipande cha kromosomu ya 22: lawama ni ya nani, na tufanye nini?

BARUA

Habari za kazi, washauri wetu.

Nina binti wa miezi 16, mtoto wetu wa pili. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo unaoitwa Tetralojia ya Fallot, akafanyiwa upasuaji akiwa na miezi tisa na kuongezewa damu. Siku ya pili baada ya upasuaji alishikwa na degedege. Tukaambiwa kalsiamu imeshuka, akawekewa dripu, akatulia. Ndipo daktari akaagiza vipimo vya vinasaba.

Jibu la kwanza liliandikwa 46,XX, tukaelezwa kwamba kromosomu zake ni za kawaida, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki kadhaa likaja jibu la pili: 46,XX.ish del(22)(q11.2q11.2)(TUPLE1−). Safari hii tukaambiwa amepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22, hakuna dawa ya kukirudisha, na sisi wazazi nasi tukapime. Maelezo yaliishia hapo.

Nyumbani sasa hakukaliki. Mama yangu mzazi anasema ukoo wetu haujawahi kuwa na kitu kama hicho, kwa hiyo kimetoka kwa kina mke wangu, au ni dawa za malaria alizomeza mimba ikiwa changa. Mke wangu amenyong'onyea, halali. Mimi sioni sababu ya kupima, niko mzima. Ni kweli naongea puani tangu utotoni na hesabu zilinitesa shuleni, lakini nina kazi yangu na sijawahi kulazwa. Dada yangu naye anaongea hivyo hivyo. Utotoni aliambiwa ana tundu dogo la moyo, likajifunga lenyewe. Sasa ana mimba ya miezi minne.

Mtoto maziwa humtoka puani, hajaanza kutembea, na neno analosema ni "mama" tu. Chanjo ya surua ya miezi tisa ilimpita akiwa wodini, na sasa muuguzi wa kliniki anaogopa kumchoma. Jirani anatushauri tumkate kimeo. Tusaidieni.

Baba wa binti, Morogoro

MAJIBU

Ndugu yetu wa Morogoro, poleni sana, na salamu za kwanza zimfikie mama wa mtoto. Tunaanza na jambo lake kwa sababu ndilo linalomnyima usingizi.

Mwambie mama yako, kwa heshima zote anazostahili, kwamba dawa za malaria hazihusiki. Kipande hiki hupotea wakati yai au mbegu ya kiume inatengenezwa, yaani kabla mimba haijatungwa. Mke wako alipomeza zile dawa, kromosomu za binti yenu zilikuwa zimeshapangwa kama zilivyo leo. Na ikiwa kosa lilitokea kwenye yai, basi lilitokea mke wako mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kwa maana mtoto wa kike huanza kuandaa mayai yake kabla hajazaliwa. Hakuna chakula, kazi nzito, hofu wala dawa inayojulikana kuleta upungufu huu.

Linavyotokea ni hivi. Kila mtu ana kromosomu ya 22 mbili, moja ya baba na moja ya mama. Yai au mbegu inapotengenezwa, hizo mbili hulala sambamba na kubadilishana vipande. Sasa kwenye kromosomu ya 22 kuna sehemu kadhaa ambazo maandishi yake ya DNA yanafanana mno, na zimekaa karibu karibu. Kama mtu anayefunga shati akakosea tundu la kwanza na vifungo vyote vikahama, kromosomu nazo huweza kujipanga kwa sehemu zinazofanana lakini si zenyewe. Zikikatana na kuungana hapo, kilichokuwa katikati kinabaki nje. Kwa wagonjwa wengi kipande kinachopotea kina herufi za DNA zipatazo milioni 3, katika kromosomu yenye herufi kama milioni 51, na ndani yake zimo jeni kadhaa. Mojawapo inaitwa TBX1, ambayo mimba ikiwa changa huongoza utengenezaji wa mishipa mikubwa itokayo moyoni, kaakaa, na tezi za shingoni na kifuani. Ndiyo maana moyo, maziwa kutoka puani na kalsiamu kushuka, mambo yanayoonekana hayahusiani, yote yametoka mahali pamoja.

Majibu yenu mawili hayapingani. Kipimo cha kwanza hupanga kromosomu zote chini ya hadubini na kuzitazama kwa umbo. Kwa kawaida hakioni upungufu ulio chini ya herufi milioni 5 hadi 10, kwa hiyo kipande cha milioni 3 hukipita. Cha pili kinaitwa FISH. Soma karatasi yako pole pole: 46 ni idadi ya kromosomu, XX ni mtoto wa kike, "ish" ni jina la njia iliyotumika, "del" ni kipande kimekosekana, 22 ni kromosomu yenyewe, q ni mkono wake mrefu, na 11.2 ni mahali kwenye mkono huo. TUPLE1 ni kialamisho chenye rangi ya kung'aa kinachonasa mahali hapo tu. Mtu asiye na upungufu huonyesha nukta mbili za TUPLE1 katika kila seli, moja kwa kila kromosomu ya 22. Binti yenu ameonyesha moja, ilhali alama nyingine ya kulinganishia, iliyo mbali kwenye kromosomu hiyo hiyo, imeonekana kwenye zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya ile alama ya kutoa mwishoni.

FISH inasema kipande hakipo, haisemi ni kikubwa kiasi gani. Ukubwa huonyeshwa na vipimo vingine vya DNA, viitwavyo maikroarei na MLPA. Kama fedha ni za kubana, kujua ukubwa kunaweza kusubiri, maana hakutabadilisha mnachopaswa kufanya mwezi huu.

Msishangae mkisikia majina tofauti. Daktari mmoja atasema ugonjwa wa DiGeorge, kwa jina la Angelo DiGeorge wa Philadelphia aliyeueleza mwaka 1965. Mwingine atasema VCFS, yaani ugonjwa wa kaakaa, moyo na uso, ulioelezwa na Robert Shprintzen mwaka 1978. Miaka ya 1990 ilipobainika kwamba wengi wa wagonjwa hao wamepungukiwa kipande kile kile, jina la 22q11.2 ndilo likashika. Makadirio ya kawaida ni mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa hai. Hapa kwetu wengi hawajulikani. Vitabu vingi vya udaktari vimeeleza sura ya watoto hawa kwa kutazama watoto wa Kizungu, na kwa watoto wenye asili ya Kiafrika alama za usoni huwa hafifu, kwa hiyo daktari anayesubiri sura imwambie atasubiri sana. Aliyeona moyo na kalsiamu kwa pamoja akaagiza kipimo, huyo amewafanyia kazi nzuri.

Tunakuomba upime wewe

Tumeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na tutasema waziwazi. Katika familia 10 zenye mtoto wa aina hii, takriban 9 kipande kilipotea kwa mtoto kwa mara ya kwanza na wazazi wote wawili hawana upungufu. Katika moja iliyobaki, mzazi anao, mara nyingi bila kujua. Kuongea puani tangu utoto, hesabu kukushinda, dada mwenye sauti kama yako aliyewahi kuwa na tundu la moyo: yote hayo yanaelekeza kwenye upande wako. Hatusemi kwamba unao. Watu wengi huongea puani kwa sababu nyingine, na matundu madogo ya moyo ni mengi. Lakini kukataa kupima huku mke wako akibeba lawama si haki, na wewe mwenyewe ndiye utakayekosa faida. Ukiwa nao, unahitaji kupimwa kalsiamu na tezi ya thairoidi ya shingoni walau mara moja kwa mwaka, na moyo mara moja kwa kipimo cha eko, hata kama hujisikii kuumwa. Ni bora kujua kwa kipimo kuliko kwa degedege ukiwa barabarani.

Mkeo naye apime siku hiyo hiyo. Kwa kuwa upungufu wa mtoto unajulikana, hamhitaji kipimo ghali cha kupekua kromosomu zote. FISH ya TUPLE1 au MLPA ya 22q11 inatosha. Mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi, na hapa ndipo fedha za watu hupotea. FISH kwa kawaida huhitaji seli zilizo hai: damu huwekwa kwenye chupa yenye heparini, ile ya kifuniko cha kijani, haigandishwi, na inapaswa kufika maabara haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili. Ikitolewa Ijumaa jioni ikalala wikiendi nzima, seli zinaweza kugoma kukua na kipimo kikarudiwa. MLPA na maikroarei hutumia DNA tu, kwa hiyo damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau inatosha na inavumilia safari. Kama maabara iko mbali, ulizieni MLPA kwanza. Na ulizeni siku ya gari la sampuli kabla hamjanyoosha mkono.

Majibu yakionyesha wote wawili hamna, uwezekano wa mtoto mwingine kuzaliwa hivi ni chini ya 1 kati ya 100. Haufiki sifuri, kwa sababu mara chache mzazi huwa na upungufu kwenye baadhi ya mayai au mbegu pekee. Mmoja wenu akiwa nao, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu, na afya ya mzazi haibashiri ya mtoto. Baba mzima kama wewe anaweza kupata mtoto mwenye ugonjwa wa moyo ulio mgumu kutibu, na mwingine aliye na dalili chache kuliko zake. Kaka au dada mkubwa wa binti yenu naye apimwe ikiwa mmoja wenu atakutwa nao.

Kalsiamu

Hili ndilo linaloweza kuwashtua usiku, kwa hiyo tunalikalia kidogo.

Tezi nne ndogo za parathairoidi zilizo shingoni ndizo hushikilia kiwango cha kalsiamu katika damu. Kwa watoto hawa mara nyingi huwa ndogo au chache. Siku za kawaida zinamudu. Mwili ukibanwa, kwa homa kali, kuhara, upasuaji, kukaa muda mrefu bila kula, na baadaye kubalehe au ujauzito, zinaelemewa na kalsiamu inaporomoka. Mtoto mdogo hulialia bila sababu, hutetemeka, vidole hujikunja na kukakamaa, halafu degedege. Mkubwa atalalamika ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole.

Hatari ya hapa kwetu ni kwamba mtoto mwenye homa na degedege hupelekwa moja kwa moja kwenye malaria. Malaria ipimwe, ndiyo, na sukari ipimwe, lakini kwa binti yenu kalsiamu ipimwe saa hiyo hiyo. Ombeni na magnesiamu, maana ikiwa chini kalsiamu haipandi hata aongezewe vipi. Kiwango cha kawaida cha kalsiamu yote ya damu ni takriban 2.1 hadi 2.6 kwa kipimo cha mmol/L, au 8.5 hadi 10.5 kwa mg/dL. Tazameni kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi kabla ya kushtuka. Kama albumini yake, protini ya damu inayobeba kalsiamu, iko chini, kalsiamu yote itaonekana imeshuka kuliko ilivyo kweli. Kipimo cha kalsiamu huru, kinapopatikana, hukata shauri.

Kuna kosa moja la maabara linalofaa kujulikana. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina kemikali inayofunga kalsiamu. Mtoaji damu akijaza chupa hiyo kwanza, kisha akamimina kidogo kwenye ya kalsiamu kwa sababu mtoto ana damu haba, jibu litakuja kalsiamu chini mno na potasiamu juu mno, hali mtoto anacheza. Jibu la namna hiyo lirudiwe kwa damu mpya kabla ya kuwekewa dripu. Dripu yenyewe si ya mchezo: kalsiamu ya mshipani hutolewa polepole huku mapigo ya moyo yakitazamwa, na ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama. Mkono ukivimba au mtoto akilia pale sindano ilipo, mwiteni muuguzi papo hapo.

Kama ameandikiwa kalsiamu ya kumeza, muulizeni daktari kama miligramu alizotaja ni za kalsiamu yenyewe au za chumvi yake. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Hapo makosa ya mara mbili na nusu hutokea kirahisi. Apewe pamoja na chakula, na dawa ya madini chuma ikae mbali kwa saa mbili. Msimwongezee kalsiamu wala vitamini D ya kununua dukani kwa kudhani mnamsaidia, kwa sababu ikizidi huganda kwenye figo. Kalsiamu ipimwe walau mara moja kwa mwaka, kabla na baada ya upasuaji wowote, na kila anapougua sana. Soda, hasa zile nyeusi za kola, ziache kabisa kwake. Asidi ya fosfori iliyomo huchangia kuishusha kalsiamu.

Kinga, chanjo na damu

Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo, ndiko askari wa kinga waitwao seli T hufundishwa kazi. Kwa watoto wengi wa 22q11.2 tezi hii ni ndogo na seli T ni pungufu kiasi, lakini zinatosha na huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Wanaokosa tezi hii kabisa hawafiki 1 kati ya 100. Kwa hiyo muuguzi wenu hakukosea kusita, ila kusita bila kupima kumemwacha mtoto bila kinga ya surua, na surua ni ugonjwa mbaya kwa mtoto mwenye moyo uliorekebishwa.

Kinachohitajika ni hesabu ya seli T, na kwa bahati nzuri kipimo cha CD4, aina mojawapo ya seli T, kipo katika hospitali nyingi kwa ajili ya kliniki za CTC za wanaoishi na VVU. Kupima CD4 si kupima VVU. Mwelezeni mkeo na mama yako hivyo mapema ili lisizuke jambo lingine nyumbani. Ombeni iandikwe idadi pamoja na asilimia, na CD8, aina nyingine ya seli T, kama inapatikana. Mwambieni anayesoma jibu kwamba ni mtoto wa miezi 16: CD4 ya 800 kwa mtu mzima ni nzuri kabisa, kwa mtoto wa umri huu ni ndogo. Jibu lipelekwe kwa daktari wa watoto, yeye ndiye aamue juu ya chanjo zenye virusi hai, ambazo kwenu sasa ni ya surua na rubella na ile ya polio ya matone. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ile ya pamoja ya pepopunda, kifaduro na dondakoo, ya nimonia, na polio ya sindano, hazina kizuizi. Kama alikosa yoyote, aimalizie.

Jambo lingine la surua ni ile damu aliyoongezewa. Damu ya mwingine huja na kinga zinazoweza kuizima chanjo, kwa hiyo kwa kawaida husubiriwa miezi 3 hadi 7 kulingana na aina ya damu aliyopewa. Kwenu imeshapita saba, hivyo hicho si kikwazo tena. Surua ikizuka mtaani kwenu kabla hamjapata CD4, nendeni kwa daktari siku hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Nyote mnaoishi naye hakikisheni chanjo zenu zimekamilika. BCG alishapata alipozaliwa. Tazameni tu kovu lake, na kama kuna kidonda kisichopona au mtoki umevimba kwapa la upande huo, aonwe.

Kuhusu kuongezewa damu, mpaka kinga yake ithibitishwe, damu atakayopewa inapaswa kupigwa mionzi kwanza, ili seli T za mchangiaji zisije zikaushambulia mwili wake. Ni tukio la nadra lakini huua. Na hapa kuna jambo ambalo ndugu hulikosea kwa mapenzi mema: wewe, mkeo, babu na shangazi msimchangie yeye moja kwa moja. Damu ya ndugu wa karibu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya tukio hilo, kwa kuwa mwili wake unaweza usiitambue kuwa ngeni. Mkiombwa kuleta wachangiaji, changieni, ila mseme iende kwenye benki kwa wagonjwa wengine.

Andikeni maneno haya kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili na kwenye kadi ya kliniki: "Upungufu wa 22q11.2. Akipata degedege pima kalsiamu. Pima kalsiamu kabla na baada ya upasuaji. Damu ipigwe mionzi hadi kinga ithibitishwe. Nyama za puani zisitolewe kabla kaakaa halijaangaliwa."

Kimeo

Msimkate kimeo. Tunawasihi. Desturi hii inadhuru mtoto yeyote, kwa kuvuja damu na vidonda kuoza, lakini kwa huyu ni mara tatu: chembe za kugandisha damu mara nyingi huwa pungufu kidogo kwa watoto hawa, kinga ni dhaifu, na maumivu na kutokula huweza kuishusha kalsiamu. Isitoshe kimeo chake ni ushahidi. Mwambieni daktari wa masikio, pua na koo amtazame kwa tochi mtoto akiwa amefungua kinywa. Kimeo kilichogawanyika ncha mbili ni dalili kwamba misuli ya kaakaa haikuungana chini ya ngozi, hata kama kaakaa linaonekana zima. Maziwa yanatoka puani kwa sababu kaakaa laini halifungi vizuri mlango wa kwenda puani.

Kwa sasa mlisheni akiwa wima, kidogo kidogo, na mwacheni wima kama nusu saa baada ya kula. Uji mzito kiasi hutulia kuliko maziwa mepesi. Choo kigumu ni cha kawaida kwao, kisiachwe kikaharibu hamu ya kula.

Kaakaa hilo hilo ndilo litakalompa sauti ya puani. Mazoezi ya kupuliza filimbi na mishumaa hayalirekebishi, msiyalipie. Akianza kusema, mtaalamu wa matamshi atafundisha sauti zenyewe, na upasuaji wa kaakaa ukihitajika kwa kawaida hufanyika akiwa na miaka minne au zaidi, anapoweza kutamka wakiangalia. Daktari wa upasuaji akumbushwe kwamba kwa watu hawa mishipa mikubwa ya damu ya shingoni wakati mwingine hupita nyuma ya koo karibu na katikati, basi apige picha kwanza. Na zile nyama za puani: zikitolewa kwa mtoto ambaye kaakaa lake ni fupi, nafasi iliyokuwa imezibwa nazo hubaki wazi na sauti huharibika zaidi.

Ukuaji

Kutotembea miezi 16 si jambo la kuogopesha. Wengi wao hutembea karibu na miezi 18 au zaidi, na misuli yao huwa legevu. Maneno huchelewa zaidi, mara nyingi baada ya miaka miwili, ilhali uelewa unakwenda mbele ya ulimi. Mpeni ishara za mikono za "maji", "nataka", "basi", maana haziucheleweshi usemi, zinapunguza kilio. Masikio yapimwe, kwa kuwa maji ya nyuma ya ngoma ya sikio ni mengi kwao na humfanya mtoto asikie nusu nusu. Ultrasound ya figo ifanyike mara moja, wengine wana figo moja. Tezi ya thairoidi kila mwaka, uti wa mgongo anapokua, meno mapema kwani huoza haraka, na eko ya moyo maisha yake yote hata akiwa mzima.

Shuleni hesabu na mafumbo humsumbua zaidi kuliko kukariri na kusoma. Mwalimu aelezwe mapema, na afundishwe kwa vitu vya kushika na hatua fupi. Ujanani hofu, kutotulia na huzuni ni vya kawaida, na takriban mmoja kati ya wanne hupata ugonjwa mkubwa wa akili utu uzimani, hasa skizofrenia. Tunalisema kwa sababu linatibika vizuri linapowahiwa, na familia isiyojua hupoteza miaka kwa waganga. Akibadilika ghafla, kalsiamu kwanza, kisha daktari wa akili.

Dada yako

Huyu ndiye mwenye saa inayokwenda. Asingoje majibu yako. Apimwe mwenyewe wiki hii kwa MLPA au FISH, na kalsiamu yake ipimwe sasa na kila miezi mitatu ya mimba, kwa sababu mimba huishusha. Ultrasound ya moyo wa mtoto tumboni hufanyika vizuri kati ya wiki ya 18 na 22, na mimba ya miezi minne iko mlangoni. Aombe rufaa kwa anayejua kutazama moyo wa kijusi, si umri wa mimba tu. Akikutwa na upungufu, ajifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, na kichanga kipimwe moyo, kaakaa na kalsiamu katika siku zake za kwanza, BCG na polio ya matone zikisubiri kauli ya daktari wa watoto. Mpigie simu leo, na umsomee zile herufi za kwenye karatasi ya binti yako kama zilivyo, ili naye akawaonyeshe kliniki.